Maneno Yangu Kinywani mwa Mwikali

Kyuso,
baada ya kuvuna ndengu

Kwako mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na naomba barua hii ikukute umeketi mlangoni kwako, goti limepoa na chai iko karibu. Ile dawa ya kuchua niliyokutumia ilisaidia, au ni harufu tu? Ng'ombe wetu mwekundu amezaa? Na mbaazi, mmewahi kuzichuma au wadudu wamewatangulia? Sisi huku tu wazima. Musyimi ana kikohozi cha vumbi kwa kutembea nyuma ya mbuzi wa biashara mpaka Mwingi na kurudi, lakini anakula vizuri, na mtu anayekohoa huku anakula hanitii wasiwasi. Watoto wako shule. Yule wa mwisho ameng'oka meno ya mbele na sasa hawezi kutamka jina lake mwenyewe.

Jambo moja kabla sijaendelea. Barua hii nimempa mke wa mchungaji wetu, ambaye anakuja huko Kalamba kwa mkutano wa akina mama, na nimemwomba akusomee yeye mwenyewe. Najua barua zangu zote ni mdogo wangu Mwikali anayekusomea. Hii usimpe. Akikuuliza, mwambie ni mambo ya kanisa.

Nilipata barua yako ya baada ya Krismasi. Mwandiko ni wa Mwikali na maneno ni yako. Sauti yako naijua hata ikipitia kalamu ya mtu mwingine. Ulisema mlisimama kanisani mkamshukuru Mungu kwa ajili yake, kwamba binti yako ameiokoa Kyuso na kiu. Ukasema nami nisisahau kumshukuru mdogo wangu. Mwaitu, niliposoma hapo niliiweka barua chini ya mto. Nikaitoa, nikasoma tena. Moyo uliniwaka kama kuni za mgunga.

Siandiki ili kumchafua. Naandika kwa sababu wewe ndiye uliyetuzaa sisi wawili, na sitaki ukae na nusu ya habari.

Ule mradi wa udongo na maji unaujua, maana ulianzia huko kwenu. Watu wake wanazunguka vijijini wakipima jinsi kila kijiji kinavyoitunza ardhi yake: matuta yamechimbwa kiasi gani na yamepandwa nyasi au hayajapandwa, miti iliyopandwa iko hai au imekufa, maji yanakaa mtoni mpaka mwezi gani, malisho yanapumzishwa au mbuzi wanakula mpaka mizizi. Wanasema wanataka kujua kama wajukuu wetu watakuta kitu hapa. Hilo silikatai, ni swali zuri. Kisha wanatoa alama. Kijiji chenye alama nyingi kinapewa simiti ya kujenga ukuta mtoni, ule wa kuzuia mchanga ili maji yajifiche ndani yake. Kijiji cha mwisho kinaambiwa kijitahidi.

Mara ya kwanza, Kalamba mlishika namba moja. Sisi tulivuta mkia. Karatasi ya majina ilibandikwa kwenye mlango wa naibu wa chifu, na kila aliyekwenda pale na shida zake alisimama kwanza kuisoma. Tulijua kwamba tumechimba mpaka viganja vikapasuka. Lakini karatasi haina viganja.

Basi mradi ukaamua kwamba wanawake wa vijiji vilivyoshinda ndio watakaokwenda kupima vijiji vingine, eti mkulima anamwelewa mkulima. Na nani akachaguliwa kuletwa Kyuso? Mtoto wako.

Usiniambie nisione wivu. Wivu huu niliuanza nikiwa nimembeba mgongoni. Mimi nilifunga ng'ombe, yeye akafunga viatu vya shule. Mimi nimejua kusoma nikiwa na watoto wangu, katika gumbaru, nimeketi benchi moja na wazee wanaosinzia, wakati yeye alikuwa akisimamishwa mbele ya wageni wako asome zaburi. Halafu nikaolewa mbali, na yeye akaolewa ng'ambo tu ya shamba lako, ambako mlima wa Nzaui unawaletea ukungu asubuhi hata wakati wa kiangazi. Mimi nikaletwa mahali ambapo asubuhi inaletwa na jua peke yake.

Alishuka kwenye gari la mradi na saa mkononi, kitambaa kipya kichwani, viatu vya mpira ambavyo havijaona tope. Wifi zangu walimkimbilia kumpokea kiondo. Hata huyu mwanangu wa mwisho, ambaye hanikimbilii nikitoka sokoni, alimrukia shingoni. Nilimchinjia jogoo. Nilimchinja kwa nguvu kidogo kuliko inavyohitajika, lakini nilimchinja.

Siku iliyofuata tulipita mashambani. Alikuwa pamoja na Bwana Nzioka, ofisa wa mradi, kijana mpole wa Migwani anayevaa kofia ya kitambaa. Yeye Nzioka alishika mwisho mmoja wa tepu, Mwikali akashika mwingine. Sisi wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kufanya kazi kwa zamu, tulifuata nyuma kama watu waliokamatwa.

"Tuta hili ni zuri," akasema Mwikali. "Lakini nyasi za kushika ukingo ziko wapi?"

"Zilikauka," nikajibu.

"Na miche ya miti?"

"Ilikauka."

"Mliimwagilia?"

Nilimtazama. "Kwa maji gani, Mwikali?"

Bwana Nzioka alikohoa. Mwikali akashusha macho, lakini aliandika. Jioni alisimama mbele ya kanisa akasoma alama zetu, kipimo baada ya kipimo, na hakupunguza sauti hata pale pa miti. Unajua vizuri alifunzwa wapi ile sauti. Tulikuwa wa mwisho tena. Jirani yangu Kaluki, ambaye alikuwa amechimba siku zote hata akiwa mgonjwa, alijifunika leso usoni akaondoka bila kuaga.

Jikoni nilishindwa kunyamaza. "Hukuona uchungu wowote?"

"Niliona."

"Mbona haukuonekana?"

Alikuwa akinisaidia kuchagua mawe kwenye muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na mikono yake haikusimama. "Dada, nikiandika uongo leo, mwakani atakuja mwingine aandike ukweli, na mimi niitwe mwizi."

"Basi ungelia kidogo."

"Ningelia wangesema ninalia kwa sababu ni wewe."

Ana jibu la kila kitu, yule. Tangu utoto.

Gari liliendelea mpaka Tseikuru kupima vijiji vya huko, na yeye akabaki kwangu kulingoja. Asubuhi nilimpa mtungi nikamwambia twende mtoni. Sitakuficha, mwaitu: nilitaka achoke. Nilitaka shingo yake ijue kamba ya mtungi wa Kyuso ina uzito gani.

Mto wetu kiangazi ni mchanga tu. Kila familia imechimba shimo lake na kulizungushia miiba ili mbuzi wasiingie. Unashuka ndani, unakwangua mchanga, unangoja. Maji yanakuja kama machozi ya mtu mwenye kiburi. Unayateka kwa kibuyu kidogo, unamimina, unangoja tena. Mwikali alishuka shimoni na viatu vyake, akavivua, akavitupa juu. Tulingoja pamoja. Jua lilipanda. Hapo ndipo niliposema, na maneno nayakumbuka kwa sababu yalitoka yenyewe, sikuyapanga.

Nilisema: "Mnatupima na Kalamba. Mtu aliyelala njaa hapimwi mbio na mtu aliyeshiba. Mwaka juzi hapa palikuwa na matuta? Hapakuwa na hata moja. Mwaka juzi mbuzi walikuwa wanapita wapi? Popote. Leo tumefunga kilima kizima wasikipande. Mnataka kutujua? Tupimeni na sisi wenyewe. Pimeni Kyuso ya leo na Kyuso ya juzi, na Kalamba ya leo na Kalamba ya juzi. Halafu ndiyo mseme nani amekwenda mbali."

Aliendelea kukwangua mchanga. Nikafikiri, huyu hata hanisikii, anawaza gari lake. Tulirudi nyumbani na mitungi mgongoni. Kamba ilimwachia alama kwenye paji la uso, na nilipoiona nilifurahi, kisha nikajichukia, kisha nikampaka mafuta.

Miezi ikapita. Siku moja tukaitwa kwenye baraza. Bwana Nzioka akasimama akavua kofia, akasema mradi umebadilisha njia ya kupima. Kuanzia sasa, kijiji hakitapimwa na kijiji kingine. Kila kijiji kitapimwa na jinsi kilivyokuwa chenyewe, na kitakachosonga mbele zaidi ndicho kitakachotangulia kupata simiti.

Wanawake walianza kunong'ona. Mimi niliyatambua maneno yale.

"Wazo hili," akasema, "tumelipata kwa Bi. Mwikali wa Kalamba. Nadhani mnamkumbuka."

Wanamkumbuka! Vigelegele vilipigwa mpaka punda wakakimbia. Wifi yangu mkubwa alinipiga begani akaniambia, "Kweli una bahati ya kuwa na mdogo kama yule." Na mimi, mwaitu, nilipiga kigelegele. Ungefanya nini? Nilipiga kigelegele kwa maneno yangu mwenyewe, nikimsifu mtu mwingine.

Usiku ule nilimweleza Musyimi jinsi ilivyokuwa mtoni. Alinisikiliza akiwa amelala chali.

"Kwa hiyo tutapata simiti," akasema.

"Musyimi, nimekwambia maneno yalikuwa yangu!"

"Nimesikia. Sasa wewe unataka simiti au unataka jina?"

"Nataka vyote viwili."

Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, na nilimwacha akohoe.

Walikuja wakapima upya, safari hii na wapimaji wengine, mama wawili wa Migwani. Walitembea kwenye kilima tulichokifunga na kukuta visiki vimechipua vyenyewe na nyasi zimefika magotini. Zamani hayo yalikuwa hayana mahali pa kuandikwa, kwa sababu walihesabu miti iliyopandwa tu. Tulikuwa tumesonga mbele kuliko vijiji vyote vya upande huu. Simiti ikaja, lori likaishusha kando ya mto, na naibu wa chifu akapeana mkono na kila mtu kana kwamba ni arusi yake.

Nisikudanganye kwamba kazi ilikuwa rahisi. Tulibeba mawe kutoka kilimani kwa mgongo, wanaume wakichimba msingi mpaka kwenye mwamba. Musyimi aliangukiwa na jiwe mguuni akakaa nyumbani akilalamika kuliko mtoto. Simiti ilitula vidole, ukishika chumvi unaruka. Na wakati wote huo tuliimba, kama mwethya unavyoimba, na katikati ya wimbo wakatia jina: kwa Mwikali tunabeba jiwe, kwa Mwikali tunabeba jiwe. Mimi nilikuwa mbele kabisa. Jiwe lilikuwa mgongoni kwangu, jiwe la kweli, si la wimbo.

Mvua ya Novemba ilitukuta ukuta umekauka. Mto ulishuka na kelele usiku kucha, na asubuhi tukakuta maji yamepita juu ya ukuta na mchanga umejaa nyuma yake. Mpaka leo, mwaitu, ukichimba kwa mkono tu unapata maji. Watoto wanateka wakienda shule. Kaluki amepanda sukumawiki kando ya mto, na juzi aliniletea, nikazipika bila kuziosha mara ya pili, kwa furaha.

Mwezi uliopita ndipo tukafanya sherehe ya kuufungua ukuta. Mwikali akaalikwa kama mgeni wa heshima. Akaketishwa kiti chenye mikono. Naibu wa chifu akasema kwamba, kwa kuwa mimi ni damu yake, inafaa mimi ndiye nitoe shukrani kwa niaba ya kijiji.

Nilisimama. Nilimwona pale kitini, mikono magotini, akinitazama kama alivyokuwa akinitazama akiwa mtoto nikimkatia muwa. Nikasema: "Tunamshukuru Mwikali kwa kutusemea. Sisi wa Kyuso midomo yetu ni mikavu, haiwezi kusema." Watu walicheka sana, wakidhani ni mzaha. Mwikali hakucheka. Aliitikia kwa kichwa tu, akaangalia mchanga.

Baadaye nilikuwa nikigawa chai. Bwana Nzioka alipokea kikombe, akanitazama vizuri. "Kumbe wewe ndiye Mueni? Yule dada mkubwa?"

"Ndimi."

"Basi ni wewe. Kila mkutano, Bi. Mwikali alikuwa akianza hivyo hivyo. Hata mbele ya wakubwa kule Kitui. 'Dada yangu Mueni aliye Kyuso ndiye aliyesema.' Kila mara."

Birika lilinielemea mkononi. "Na nyinyi mkafanya nini?"

Alionekana kushangaa swali. "Tulidhani ni adabu tu, mtu kumpa mkubwa wake heshima. Tuliandika jina la aliyekuwa amesimama." Kisha akanyoosha kikombe. "Chai yako ni tamu, mama. Niongezee kidogo."

Nilimwongezea. Ningefanya nini?

Nilimkuta Mwikali nyuma ya jiko, anafunga kiondo chake. Gari lilikuwa limeshawashwa. Nilikuwa na ndengu za kumpa, nikazishika tu.

"Mbona hukuniambia kwamba uliwaambia?"

Alijua mara moja ninazungumzia nini. Aliendelea kufunga kamba ya kiondo, kisha akasimama.

"Ungeniamini?"

Mwaitu, ningeweza kusema ndiyo. Gari zima la watu lilikuwa likimngoja, na neno ndiyo ni fupi. Lakini nikasema, "Hapana."

"Mimi nilijua," akasema. Akazichukua ndengu mikononi mwangu. "Hata lile la midomo mikavu, nilijua linanilenga mimi." Akaniegemea begani, mara moja, kama mtu anayepumzika njiani, akaenda.

Sasa umejua habari nzima. Labda unafikiri nimepona. Nakwambia ukweli, ilikuwa rahisi zaidi alipokuwa mwizi. Nilipodhani ameniibia nilikuwa na mahali pa kuweka hasira. Siku hizi wa kukasirikia sina. Si Mwikali, ambaye alisema. Si Nzioka, ambaye hakusikia vibaya, alidhani tu. Na wivu haujaondoka kwa sababu nimeujua ukweli. Upo. Naamka nao, nakwenda nao mtoni, nateka nao maji ambayo sasa yako karibu.

Nakuomba jambo moja tu. Mwambie mchungaji wenu, kama mlisimama kanisani kushukuru kwa ajili ya jina moja, msimame tena kushukuru kwa ajili ya majina mawili. Si lazima langu litangulie. Ila mkubwa ni mimi, na wewe ndiye shahidi wa hilo.

Nisalimie shangazi mfinyanzi, mwambie chungu chake bado kinapika bila ufa. Msalimie mjomba fundi wa baiskeli, na mke wake anayeugua kifua. Wasalimie wake wa kaka zangu wote wawili, yule mwenye maneno na yule asiye nayo. Msalimie kiongozi wa kwaya aliyenifundisha sauti ya pili. Nisalimie pia jirani yako msuka viondo. Na Mwikali msalimie. Mwambie zile ndengu ni za huku, zinavumilia. Azipande kwenye tuta la juu kabisa, pale jua linapochoma.

Bwana akulinde usiku na mchana, akupe nguvu ya kupanda kilima cha kanisa na pumzi ya kuimba ukifika. Baki salama, mwaitu.

Ni mimi mtoto wako wa kwanza,
Mueni, mke wa Musyimi.

Nilikuwa nimeshaifunga barua nikaifungua tena. Kaluki amejifungua msichana. Mama mkwe wake alitaka mtoto achukue jina lake, kama ilivyo desturi, na alikuwa amejiandaa kwa leso mpya. Lakini wanawake waliokwenda kumpa mtoto jina wamekataa. Wamesema ataitwa Mwikali, na mama mkwe amekasirika, hali chakula cha nyumba ile. Mimi peke yangu ndiye niliyemwelewa. Kisha wakasema niwe wa kwanza kumpakata mtoto, kwa kuwa mimi ni damu ya Mwikali. Nimempakata. Ni mzuri, mwaitu. Ana nywele nyingi na macho matulivu, na hata hilo limeniuma.